Maswali na Majibu: Stoo ya kemikali, kufuli la hosteli na shimo lenye alama 5

Nimekabidhiwa stoo ya kemikali ya idara. Aliyenitangulia alipanga chupa kwa alfabeti, na kutafuta kitu ni rahisi kweli. Mkaguzi wa ndani kaandika "mpangilio hatarishi" akaondoka. Nina makabati manne na bajeti hakuna. Nianzie wapi? — Fundi sanifu maabara, Morogoro

Mkaguzi yuko sahihi, ila alipaswa kukueleza. Alfabeti haijui kemia. Kwenye rafu ya P, potasiamu pamanganeti inakaa ubavuni mwa propanoli: moja hulisha moto oksijeni, nyingine ni spiriti inayongoja cheche. Kwenye A, asidi ya asetiki inatazamana na amonia. Zote zimefungwa, sawa, lakini vizibo vya stoo huwa vinapumua, na chupa huvunjika.

Kabla hujahamisha chochote, zunguka na tochi bila kugusa. Unatafuta chupa mbili. Ya kwanza ni asidi ya pikriki, unga wa njano. Ikiwa na maji ni salama kiasi. Ikikauka ni baruti, na fuwele zilizonasa kwenye mistari ya kukazia kizibo zinaweza kulipuka kwa msuguano wa kukizungusha tu. Ya pili ni daiethili etha ya siku nyingi, ambayo hujitengenezea peroksaidi, kemikali inayolipuka kirahisi, kadiri inavyokutana na hewa. Ukiona fuwele shingoni au chini ya chupa, usiifungue, usiitikise, wala usiisogeze "kidogo tu". Funga chumba, mjulishe mkuu wa idara kwa maandishi, na kazi hiyo ifanywe na wanaoijua. Kuanzia sasa kila chupa ya etha iandikwe tarehe ya kufunguliwa; ikifika miezi 6 ipimwe peroksaidi au iondolewe.

Sasa makabati. La kwanza lipe vinavyowaka: asetoni, ethanoli, heksani, propanoli. Humo humo weka asidi ya asetiki kali. Wengi hapa ndipo wanapokosea: wanaona neno "asidi" kwenye lebo, wanaipeleka kwa asidi ya nitriki. Asetiki inawaka na nitriki inachochea moto, kwa hiyo hao wawili hawalali kabati moja. La pili ni la asidi za madini, haidrokloriki na salfuriki, na nitriki iwe kwenye beseni lake peke yake. La tatu ni la amonia na sodiamu haidroksaidi. Ukiona vumbi jeupe limetanda juu ya chupa na kwenye kuta za kabati, ujue mvuke wa amonia na wa haidrokloriki vimekuwa vikikutana. La nne ni la vioksidishaji vikavu, yaani vinavyolisha moto oksijeni kama pamanganeti na naitreti, mbali na mbao, maboksi na karatasi. Chumvi za kawaida na vitu visivyo na ugomvi vikae rafu ya wazi, na hapo alfabeti iendelee kukusaidia.

Bajeti hakuna? Beseni la plastiki la sokoni linatosha kuwa trei, mradi libebe zaidi kidogo ya ujazo wa chupa kubwa kuliko zote zilizomo. Chupa ya lita 2.5 inataka beseni la lita 3. Vimiminika vinavyounguza visipandishwe juu ya usawa wa macho.

Angalia pia chupa ya taka. Mtu akimimina mabaki ya nitriki kwenye chupa yenye ethanoli au asetoni, kwa kawaida hakuna kinachoonekana hapo hapo. Gesi inajikusanya taratibu, na chupa inapasuka baadaye, pengine kila mtu akiwa nyumbani. Taka za nitriki ziwe na chupa yake iliyoandikwa kwa herufi kubwa, isijazwe hadi juu. Na bomba la kuoshea macho: lifungulie kila wiki hadi maji ya kutu yaishe. Mtu aliyerukiwa na kemikali anahitaji maji safi kwa dakika 15, kwa hiyo kama kwenu maji hukatika, tafuteni simtanki la akiba la bomba hilo peke yake.

Wanafunzi wanapika vyumbani. Tunanyang'anya hita, kesho zimerudi. Ekstensheni mbili zimeyeyuka muhula huu. Mlango wa nyuma tunaufunga kwa kufuli saa 4 usiku kwa ajili ya wezi. — Matroni wa hosteli, Dodoma

Mama, tuanze na hilo ulilolitaja mwisho. Kufuli liondoke leo, kabla ya hita. Ufunguo ulioko mfukoni mwa askari aliye geti kuu si mlango wa dharura, na madirisha yenu bila shaka yana nondo. Wekeni komeo la kusukuma linalofunguka kwa ndani bila ufunguo na lisilofunguka kwa nje, pamoja na kengele inayolia mlango ukiguswa. Mwizi hapati njia, na anayekimbia moto hapotezi sekunde.

Ekstensheni ni hesabu. Birika la wati 2000 na jiko la wati 1500 ni wati 3500. Kwa volti 230 hiyo ni karibu ampea 15. Ekstensheni imeandikwa 13, na ya bei rahisi mara nyingi waya wake haufikii hata hapo. Msitegemee fyuzi ya 13 kukata: inaweza kubeba 15 kwa muda mrefu sana huku waya ukipika, hasa ukiwa umeviringishwa chini ya godoro. Mkikagua, tazameni plagi na soketi kwanza. Rangi ya kahawia pembeni ya tundu ina maana mguso umelegea, na moto huanzia hapo.

Kunyang'anya hakutafanya kazi peke yake, kwa sababu anayesoma hadi saa 7 usiku atataka chai. Tengeni chumba kimoja cha kupikia kila ghorofa, chenye laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme na sakiti breka yake, swichi inayojikata umeme ukizidi. Hapo ndipo marufuku ya vyumbani itakuwa na mashiko.

Mitungi ya kuzimia moto: ya unga ina mshale wa presha, uwe kwenye kijani. Ya kaboni dayoksaidi, inayofaa kwa umeme, haina mshale. Huthibitishwa kwa kuipima uzito na kulinganisha na ulioandikwa. Zimamoto ni 114, na ibandikwe mlangoni pamoja na jina la jengo.

Fomu yetu huzidisha uwezekano kwa madhara, 1 hadi 5. Shimo la maji taka limepata 1 × 5 = 5, zulia lililochanika kwenye korido 5 × 1 = 5. Uongozi unasema zote ni kijani, yaani hatari ndogo. Kuna kasoro? — Afisa usalama, Mbeya

Ipo kubwa. Zulia litamwangusha mtu, atajikung'uta, ataendelea na safari. Shimo linaua, na mara nyingi linaua wawili, kwa sababu wa pili huingia kumtoa wa kwanza. Jiwekeeni kanuni: chochote chenye madhara 5 hakipewi kijani, hata uwezekano uwe 1.

Na hiyo 1 imetoka wapi? "Haijawahi kutokea" mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyeingia. Haidrojeni salfaidi, gesi ya maji taka, hunuka yai bovu, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuinusa. Mtu anadhani imeisha. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kipimo cha gesi kishushwe kwa kamba: juu, katikati, chini. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, haingii mtu. Kilicho bora ni kutoingia kabisa: leteni gari la kunyonya na fimbo ndefu za kuzibulia. Kumpa mkandarasi kazi hakulitoi shimo nje ya kampasi. Asifunue mfuniko bila kibali chako kilichosainiwa siku hiyo.

Ngazi ya aluminiamu inafaa kubadilishia taa za ukumbi? — Fundi, Iringa

Hapana, inapitisha umeme. Tumia ya faibaglasi au ya mbao kavu isiyopakwa rangi, maana rangi huficha nyufa. Inapoegemea mita 4 juu, miguu iwe mita 1 kutoka ukutani. Zima sakiti kwenye bodi na uifunge ili mtu asiiwashe, usitegemee swichi ya ukutani.