Inagonga Nikipanda Kutoka Feri: Je, Injini Imenoki?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mtu wa bodaboda hapa Likoni, Mombasa. Pikipiki yangu ni ya cc 150, ya injeksheni, imetembea kilomita 31,000. Wiki ya tatu sasa, nikishuka feri na abiria wawili nikaanza kupanda ule mwinuko, injini inagonga ka-ka-ka. Nikifika tambarare inanyamaza. Asubuhi nikiiwasha haina neno. Taa ya injini haijawaka hata siku moja. Fundi wa stejini kwetu aliisikiliza mara moja tu, akasema imenoki, yaani injini imekufa kwa ndani, na anataka 14,000 aifungue. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe bado. (Hao abiria wawili, sheria inakuruhusu mmoja, lakini hilo ni la siku nyingine.)

Siku hizi kila injini ikitoa sauti watu husema "imenoki", na likishatamkwa neno hilo, spana zimetoka. Wewe mwenyewe umenieleza jambo ambalo mwenzangu hakukuuliza: inagonga lini. Inagonga ikiwa ya moto, ikiwa na mzigo, ikipanda. Mzigo ukipungua inaacha. Kwangu hilo linaelekeza kwanza kwenye mafuta na namna unavyoyachoma.

Ndani ya silinda, plagi inatakiwa kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, moto usambae. Injini ikilemewa na joto likipanda, sehemu ya mchanganyiko huo hujilipukia yenyewe kabla moto haujaifikia. Ule mshindo ndio ka-ka-ka yako: kavu, kama misumari ikitikiswa ndani ya mkebe. Petroli iliyotiwa mafuta taa hufanya hivyo upesi. Mchezo huo ni wa zamani. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ukinunua ya chupa kando ya barabara, acha. Maliza yaliyomo, jaza kituo kingine, na kwenye ule mwinuko shuka gia ya pili mapema. Vijana wengi hupanda na gia ya nne huku injini inakokota, wakidhani wanabana mafuta.

Fungua na plagi pia. Ile kauri nyeupe ikiwa na vidoadoa vyeusi au vinavyong'aa, basi mlipuko huo umekuwepo kweli.

Taa kutowaka isikutulize. Pikipiki nyingi za saizi hii hazina sensa ya kusikia injini ikigonga. Taa hiyo ni ya mambo ya umeme na injeksheni. Beringi inaweza kufa taa ikiwa imezimwa.

Na beringi ya mkono wa pistoni ndiyo ya kuogopa, maana nayo hulalamika ikibebeshwa mzigo. Tofauti iko kwenye sauti: hii ni nzito, du-du-du, inatoka chini kwenye kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, wala haisubiri mlima. Injini ikiwa moto, simama, gia huru, vuta mafuta kidogo halafu achia ghafla. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava ya kranki, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kisha isogeze juu kwenye silinda. Mahali inapogonga zaidi utapahisi mpaka kwenye meno. Sauti ikibadilika ukibana klachi, basi tafuta kwenye klachi, si kwenye kranki.

Tik-tik nyepesi ya juu kwenye kichwa, hasa injini ikiwa baridi, mara nyingi ni tapeti, zile zinazosukuma valvu zifunguke. Nafasi yake hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Usimruhusu mtu azibane mpaka zinyamaze: valvu isiyofunga vizuri huungua.

Sisi wa pwani tuna letu pia. Mwaka jana kijana aliniletea pikipiki ambayo ilikwishafunguliwa kwingine, pistoni mpya, ringi mpya, na bado inagonga. Nikapitisha mkono karibu na shingo ya egzosi, upepo wa moto ukanipiga kidole. Stadi moja, ile bolti isiyo na kichwa inayoshika egzosi, ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi, nati imelegea, gasketi inavujisha moshi kwa mapigo, na mapigo hayo ndiyo yaliyosikika kama kugonga. Gasketi, stadi na nati mbili, nusu saa, akaondoka. Hela ya pistoni ilikwishaenda.

Kabla ya yote, oili. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, chini pawe sawa, uangalie kiwango. Kisha imwage ikiwa vuguvugu kupitia kitambaa cheupe, ukikunje na kukifungua kwenye jua. Vumbi jembamba sana si ajabu. Vipande vinavyometa kama magamba ya dagaa, pitisha sumaku: vikishika ni chuma, na hapo beringi au gia imeanza kuliwa. Ukiviona, usiiwashe tena, hata kuirudisha nyumbani. Ipakie kwenye mkokoteni, na hapo ndipo injini ifunguliwe, wewe ukiwa umesimama pale unaangalia.