Ukimfundisha mtoto kuhusu makazi, majina yasubiri

Makazi ya msongamano, ya mtawanyiko, ya mstari. Mtoto wa miaka kumi huweza kukariri hayo kwa dakika chache, akayaandika kwenye mtihani, kisha yakapotea kabla ya likizo kuisha. Kwa hiyo siku hizi ninapofundisha mada hii, majina nayachelewesha makusudi.

Ninaanza na karatasi kubwa. Nachora mto, kilima, kinamasi, msitu na njia moja inayokatiza, lakini nyumba hata moja sichori. Kila kundi linapewa vifungo vya nguo, kila kifungo ni nyumba ya familia moja, na kazi yao ni kuamua watu wataishi wapi. Mabishano huanza papo hapo. Mmoja anarundika vifungo vyote ukingoni mwa mto, mwenzake anamuuliza mvua kubwa ikinyesha itakuwaje. Mwingine anavipanga kufuata njia. Anayetaka kila familia iwe na malisho yake mwenyewe hulazimika kuzitenga nyumba mbalimbali. Mwalimu au mzazi, usiingilie hapa, hata ukiona wamejenga kwenye kinamasi. Pita tu ukiuliza: kwa nini hapa? Wakishajieleza, ndipo uwape jina. Zile zilizofuata njia ndiyo makazi ya mstari, na hawatayasahau kwa sababu waliyajenga wao.

Kuna swali litakalokuja, jiandae nalo: watu wakifika wangapi kijiji kinakuwa mji? Usimtungie mtoto namba. Nchini Denmark, watu 200 wenye nyumba zilizokaribiana huhesabiwa kuwa wakazi wa mji. Japani hutaka takriban 50,000 kabla ya kupandisha mahali hadhi hiyo. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha kipimo cha kulinganisha nchi, ambamo jiji lina watu wasiopungua 50,000 na angalau 1,500 katika kila kilomita ya mraba. Mimi watoto nawapa kipimo kingine: watu hutoka mbali kuja hapa kufuata nini? Kalamu utaipata karibu kila mahali. Hospitali ya upasuaji au chuo kikuu, sivyo.

Ukifika kwenye mabadiliko ya matumizi ya ardhi, usiwe na haraka. Satelaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu 1972, na Google Earth, programu ya ramani na picha za dunia, ina sehemu inayoonyesha mahali pamoja mwaka baada ya mwaka kuanzia 1984. Wengi huanza na Shenzhen, China, nami pia. Eneo la mashamba na mabwawa ya samaki lilifanywa ukanda maalumu wa kiuchumi, yaani eneo lenye masharti nafuu kwa wawekezaji, mwaka 1980, na sensa ya 2020 ikakuta humo watu zaidi ya milioni 17. Watoto hupenda kuliona jiji likivimba mbele ya macho yao.

Ila ukiishia hapo, wataondoka wakiamini kuwa mabadiliko siku zote ni shamba kugeuka majengo. Waonyeshe na Bahari ya Aral. Kuanzia miaka ya 1960 maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa kwa wingi kwenye mashamba ya pamba, bahari ikanywea, na Moynaq, mji wa wavuvi huko Uzbekistan, ukajikuta mbali na maji huku meli zimekaa mchangani. Sababu ya mji kuwepo iliondoka, wakazi wengi wakahama, wengine wakabaki. Kisha waone eneo la bandari za kale mashariki mwa London: meli za makontena zilikuwa kubwa mno kufika huko, magati ya mwisho yakafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo pana minara ya mabenki. Huko mji ulibadilika bila hata kumega shamba la mtu.

Kwa kila picha nauliza jambo lile lile: nani alipata na nani alipoteza? Kisha narudisha zile karatasi za vifungo na kuongeza habari moja. Bwawa linajengwa juu ya mto. Au barabara mpya inapita upande wa pili wa kilima, ile ya zamani inaachwa. Wahamishe vifungo, lakini kabla ya kugusa kifungo chochote, mmoja wao aseme kwa niaba ya familia inayohama. Watoto wakimya hunishangaza sana katika zoezi hili.

Kama huna kompyuta, mzee yeyote aliyeishi muda mrefu mahali pamoja anatosha. Usimwache mtoto aulize "zamani maisha yalikuwaje?", maana atapewa hotuba. Aulize maji yalitekwa wapi, njia ilipita wapi, na penye jengo lile palikuwa na nini. Majibu ayachore kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, kisha ailaze juu ya ramani ya leo.