Jibu: Anajibu vizuri kwa mdomo, daftari tupu

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na mwanafunzi wa darasa la tatu anayejibu vizuri kwa mdomo lakini daftari lake halifiki hata nusu. Kabla hajaitwa mvivu, mtazame anaponakili. Anakunja macho? Anapotea mstari kila akiinua kichwa? Mhamishie mbele kwanza, na macho yapimwe.

Nilikuwa naye wa namna hiyo. Nikaacha kumnakilisha maswali kumi ubaoni. Nikampa karatasi yenye matano, maandishi makubwa, pamoja na kipande cha kadi cha kufunikia mistari ya chini. Hesabu za aina ileile, ugumu uleule. Hapo ndipo wengi tunapokosea: tunampunguzia mtoto somo badala ya kumwondolea kikwazo.

Kuhusu wazazi wanaodai unampendelea: ikibainika ana ulemavu, ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu (2006) inataka afanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake. Si hisani yako hiyo.

Halafu ile kadi, wiki ya pili watoto sita wengine waliiomba. Nikawakatia.