Maswali na Majibu: Na Yeye Kalitoa Wapi?

Barua za mwezi huu, takriban zote, zinalalamikia sentensi zilizofutwa katika makala za Wikipedia ya Kiswahili kuhusu wanamuziki, filamu na televisheni. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Walioniuliza kwa mara nyengine tena namna ya kufungua akaunti wausome ukurasa wa msaada, kwani kila kitu kimeelezwa humo.

*Niliongeza katika makala ya Freddie Mercury kwamba aliwaambia wenzake wa bendi ya Queen kuhusu maradhi yake ya UKIMWI kabla ya tamasha la Live Aid, kama nilivyoona kwa macho yangu kwenye filamu. Mhariri mwengine akaifuta. Hii si chuki? – Msomaji, Mkunazini*

Si chuki, bwana. Uliyemwona kwa macho yako ni mwigizaji. Filamu ya "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 2018 ni chanzo cha jambo moja tu, nalo ni yale yaliyomo ndani ya filamu yenyewe. Ukiandika kwamba Rami Malek anaonekana akiwaambia wenzake habari hiyo, hakuna atakayekugusa. Lakini ukiandika kuhusu maisha ya Farrokh Bulsara, ndiye Freddie mwenyewe, mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, filamu haikufai, kwa sababu watengenezaji wa filamu huyasogeza matukio ili hadithi yao ipande mpaka kileleni, na hapa wameyasogeza sana. Live Aid ilifanyika katika uwanja wa Wembley tarehe 13 Julai 1985. Jim Hutton, aliyeishi naye miaka yake ya mwisho, ameandika kwamba majibu ya vipimo yalitoka mwaka 1987, yaani karibu miaka miwili baada ya tamasha. Filamu hiyo hiyo inaonyesha bendi iliyovunjika na kupatanishwa na Live Aid, hali ya kuwa Queen walitoa albamu mwaka 1984 na ziara ya kuitangaza ikaendelea mpaka Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya siku ile.

Na kwa kuwa unaniandikia kutoka Mkunazini, nitaongeza ambalo hukuliuliza. Katika Mji Mkongwe kuna zaidi ya nyumba moja ambayo wageni huambiwa kuwa ndimo alimokulia. Tafadhali msiingize anwani yoyote katika makala kwa sababu tu mtembeza wageni ameitaja au kibao kimeandikwa mlangoni. Nyumba huthibitishwa kwa hati, au kwa maneno ya familia yaliyochapishwa, na bila ya hivyo tunaitia makala biashara ya watu.

*Basi Freddie ni wetu au si wetu? – Huyo huyo*

Andika kwamba alizaliwa Unguja kwa wazazi Maparsi (wafuasi wa dini ya Zoroasta) waliotoka India, kwamba alisoma skuli ya bweni huko Panchgani, na kwamba familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Neno "wetu" halina pahala katika kamusi elezo.

*Marehemu Bi Kidude alifariki akiwa na miaka 113, na hili kila mtu analijua. Kwa nini makala isiliseme wazi? – Msomaji, Wete*

Kila mtu analisema, na kulisema si kulijua. Bi Kidude, kwa jina lake halisi Fatuma binti Baraka, alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na siku hiyo ina ushahidi wa kutosha. Mwaka aliozaliwa hauna ushahidi, na ndiyo maana siku ya msiba vyombo vya habari vilimpa umri tofauti tofauti, kila kimoja kwa uhakika wake. Kinachonukuliwa mara nyingi ni kwamba alizaliwa zama za rupia. Tulipime neno hilo kwa utulivu. Rupia ilikuwa fedha ya Zanzibar mpaka mwisho wa mwaka 1935, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaishika nafasi yake mwaka 1936. Kwa hivyo aliyezaliwa 1900 ni mtu wa zama za rupia, na aliyezaliwa 1930 naye ni mtu wa zama hizo hizo. Kauli hiyo inatupa mpaka tu, mwaka haitupi, na anayetoka hapo akafika 113 ameongeza kitu kutoka kichwani mwake.

Andika kwamba mwaka wa kuzaliwa haujulikani, kisha taja makadirio na nani aliyeyatoa. Nimeona wahariri wakiona haya kuandika "haujulikani", kana kwamba ni kumvunjia heshima marehemu. Mimi naona heshima yake imo katika msondo aliokuwa akiupiga, katika unyago aliowafunda mabinti, na katika tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, aliyopewa mwaka 2005, na yote hayo yanaweza kuthibitishwa.

*Mwalimu wetu ametwambia kwamba televisheni ya Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika. Nimeandika hivyo na imebadilishwa. Nani mkweli? – Mwanafunzi, Mkoani*

Mwalimu wako amekupa sifa iliyopoteza maneno yake njiani. Sifa kamili, kama inavyoandikwa katika vyanzo vingi, ni kwamba Televisheni Zanzibar ilikuwa ya kwanza kurusha matangazo *ya rangi* katika Afrika *kusini mwa Sahara*. Ondoa "ya rangi", na Nigeria itakukumbusha kwamba ilikuwa na kituo Ibadan tangu 1959. Ondoa "kusini mwa Sahara", na itakubidi uzichunguze nchi zote za kaskazini kabla hujaandika neno. Hata mwaka wenyewe unatofautiana: kuna wanaotaja 1973 na kuna wanaotaja 1974, nawe utaje yote miwili, kila mmoja na chanzo chake. Bado ni jambo kubwa, kwani Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994 na Afrika Kusini mwaka 1976.

Angalieni tabia hii, maana haiko kwa televisheni peke yake. Sifa inapokaririwa hufupishwa, na linaloanguka kila mara ni lile neno dogo lililokuwa likiifanya iwe kweli. Mnapoona "ya kwanza", "pekee" au "kubwa kuliko zote", tafuteni neno lililoanguka.

*Naomba uhakiki mambo matatu niliyoyapata kwenye simu: (a) "Baba Yetu" ni wimbo wa kale wa mwambao, (b) "Liberian Girl" wa Michael Jackson umeanza kwa Kiswahili kwa sababu Liberia wanakizungumza, (c) "All Night Long" wa Lionel Richie una lahaja ya Kipemba. – Msomaji, Fuoni*

(a) Hapana. Ni muziki wa Mmarekani Christopher Tin, alioutunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Maneno ni Sala ya Bwana ya Wakristo kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulipata Grammy, ukawa wa kwanza kupata tuzo hiyo kati ya tungo za michezo ya kompyuta. (b) Kiswahili kimo, kimesemwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, lakini Kiswahili si lugha ya Liberia. (c) Mwenyewe Richie amekiri kwamba maneno yale hayana maana katika lugha yoyote. Wapemba wana lahaja zao zenye maneno ya kutosha kuchunguzwa, wasibandikwe haya.

*Dai letu kuhusu kikundi cha taarab lina tanbihi ya gazeti kamili, na bado mmelitilia shaka. Mnataka nini zaidi ya gazeti? – Mhariri mwenzio, Chake Chake*

Ndugu yangu, nataka kujua gazeti kalitoa wapi. Jambo hili nimelieleza mara nyingi, na nitalieleza tena kwa urefu kwa sababu ndilo linaloharibu makala zetu kuliko upotoshaji wa makusudi.

Niliketi na makala yenyewe uliyoitaja. Sentensi inasema kikundi kilitumbuiza mbele ya malkia wa Uholanzi, na tanbihi inapeleka kwenye gazeti. Nikabofya "historia" ya ukurasa, nikarudi nyuma toleo baada ya toleo. Sentensi iliingizwa Jumanne moja usiku na mtu asiye na akaunti, bila ya chanzo, na aliandika "Uholazi". Wiki tatu baadaye gazeti likatoa makala kuhusu kikundi hicho, na ndani yake mkawa na sentensi ile ile, na "Uholazi" ile ile. Siku mbili baada ya gazeti kutoka, mhariri wetu mmoja akasahihisha tahajia na kuliweka gazeti hilo kuwa tanbihi. Sasa niambie, nani shahidi wa nani? Gazeti limetusoma sisi, nasi tumelisoma gazeti, na baina yetu hakuna hata mmoja aliyemuuliza mpiga ganuni kama aliwahi kupanda ndege.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Alipofariki mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre, Machi 2009, mwanafunzi mmoja wa Dublin aliingiza katika makala yake ya Wikipedia ya Kiingereza nukuu aliyoitunga mwenyewe ili aone itafika wapi. Wahariri wa kujitolea waliifuta mara kadhaa kwa sababu haikuwa na chanzo. Magazeti makubwa ya Uingereza na ya nchi nyengine yalikuwa yameshainakili katika taazia zao, na kosa halikujulikana mpaka mwanafunzi mwenyewe alipowaandikia wahariri wa magazeti, takriban mwezi mmoja baadaye. Waliokuwa macho ni wale waliouliza "chanzo kiko wapi?", na waliolala ni wale waliodhani kwamba kwa kuwa limeandikwa, basi kuna aliyelihakiki.

Kwa hivyo, kabla ya kuliweka gazeti katika tanbihi, linganisha tarehe mbili: ya gazeti na ya sentensi kuingia katika ukurasa. Gazeti likiwa limetangulia, endelea. Sentensi ikiwa ndiyo iliyotangulia, gazeti hilo halikusaidii kitu, hata yawe magazeti matatu, maana aghalabu la pili na la tatu yamenakili la kwanza. Wanaotafsiri makala kwa wingi kwa mashine kutoka Kiingereza nawasihi wasome haya mara mbili, kwani wao hubeba sentensi pamoja na tanbihi ambazo hawajazifungua hata moja.

*Naweza kutumia IMDb, YouTube na ujumbe wa WhatsApp kama vyanzo? – Wengi*

IMDb, tovuti ya habari za filamu, hujazwa na watumiaji kama sisi, kwa hivyo hapana. Video ya YouTube ni chanzo pale tu aliyeirusha ndiye mwenye habari. WhatsApp, hapana, na naomba nisiulizwe tena.

*Babu yangu alipiga fidla katika taarab hapa mjini. Anamjua mtungaji wa kweli wa wimbo ambao makala inamtaja mwimbaji peke yake. Niliandika jina la mtungaji na katika tanbihi nikaweka "babu yangu". Limefutwa. Tuwafanye nini wazee wetu? – Binti wa Kikwajuni*

Mwanangu, barua yako imeniuma, kwa sababu huenda babu yako anasema kweli na makala ikawa na kosa. Katika taarab jina la mwimbaji hung'ang'ania wimbo na jina la mshairi hupotea. Hata hivyo aliyefuta amefanya sawa. Msomaji wa Kigoma hawezi kuja kubisha hodi Kikwajuni, na kamusi elezo inakataa utafiti ambao haujachapishwa popote, kwa sababu mlango unaompitisha babu yako ndio huo huo unaompitisha mwongo.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mrekodi. Mwache aseme jina lake, mwaka na mahali wimbo ulipopigwa mara ya kwanza, nani alikuwa kwenye udi, nani kwenye ganuni, na yeye alimjuaje mtungaji. Muulize kama kuna daftari. Wapigaji wengi waliandika mashairi kwa mkono, wengine kwa herufi za Kiarabu, na ukurasa mmoja wenye tarehe unashinda saa tatu za mazungumzo. Kisha mtafute mzee mwengine wa kikundi kile umuulize peke yake, usimtajie jina ulilolipata. Nakala moja ipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, na mazungumzo yaandike yachapwe katika gazeti au jarida lenye mhariri, kwa jina la babu. Hapo makala itakuwa na cha kutaja.

Kama wazee wawili watatofautiana, usichague. Wimbo wa "Malaika" umetajiwa watungaji zaidi ya mmoja. Fadhili William ndiye aliyerekodi na kujulikana nao, na Adam Salim ni miongoni mwa waliodai kuutunga. Makala nzuri huwataja wote pamoja na dai la kila mmoja.

Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, lakini santuri zisingetwambia alivyokuwa akiuza vyungu kabla ya kuimba. Tunayajua hayo kwa sababu Shaaban Robert alikaa naye na kumhoji muda mfupi kabla ya Siti kufariki mwaka 1950, kisha akachapisha. Babu yako anahitaji mtu wa kukaa naye, na uliye karibu ni wewe.

*Nimegundua kwamba kosa moja katika makala ya filamu niliandika mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita. Nikiondoa kimya kimya inatosha? – Msomaji, Bububu*

Haitoshi. Iondoe, na katika muhtasari wa uhariri useme kwamba ni kosa lako na kwa nini ni kosa. Andika vivyo hivyo katika ukurasa wa majadiliano, pamoja na tarehe uliyoiingiza sentensi hiyo, ili mwengine akija na gazeti la mwaka jana aweze kulinganisha. Kisha fungua makala ya filamu hiyo katika Kiingereza na Kifaransa uangalie kama sentensi yako imeshatafsiriwa huko, na huko nako uiondoe.