Injini mpya na oili ya sinthetiki

Ndugu, umeuliza kama injini uliyofungiwa wiki jana unaweza kuitia oili ya sinthetiki sasa hivi. Kama ni ile iliyotumika Japani ukainunua kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, ringi zake (zile pete za pistoni zinazoziba silinda) zilishakaa zamani, yaani zilishazoeana na kuta za silinda, tia tu. Lakini kama imefanyiwa ovaholi na kuwekwa ringi mpya, tafadhali subiri, anza na oili ya kawaida. Ringi hukaa kwa kusuguana na mikwaruzo midogo ya kukatizana inayochongwa makusudi kwenye kuta za silinda, na oili ya kawaida haizuii sana msuguano huo. Oili hiyo ya kwanza imwage mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000. Yangu ilitoka ikimetameta unga wa chuma, usishtuke. Mimi nilihamia sinthetiki kwenye kilomita 5,000, kiwango cha oili kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kilipoacha kushuka. Ukiwa barabara kuu kama Thika Road usishikilie spidi moja, pandisha na kushusha ili ringi zikae vizuri.