Adamu alipewa kazi kabla ya kupewa mke

Vijana wengi wanaokuja kwangu kuomba ushauri wa uchumba huwa na swali jingine chini ya lile wanalouliza. Mtu anauliza atampataje mwenzi, kumbe kinachomkosesha usingizi ni kutojua anaishi kwa ajili ya nini, na anatumaini huyo mwenzi atakuja na jibu. Nimeoa, naipenda ndoa yangu, na ndiyo maana nasema wazi: mzigo huo hakuna mke wala mume anayeuweza.

Soma Mwanzo sura ya 2 polepole. Mstari wa 15, Mungu anamweka Adamu katika bustani ailime na kuitunza. Mstari wa 18 ndipo anaposema si vema awe peke yake. Kazi ilitangulia, mwenzi akafuata. Na anayeletwa anaitwa msaidizi. Unamsaidia mtu ambaye tayari ana jambo analolifanya. Basi wewe ambaye hujaoa au kuolewa, usiyaweke maisha kando ukisubiri harusi. Mtumikie Mungu sasa, kwa mikono uliyo nayo. Paulo hakuwa na mke alipoandika 1 Wakorintho 7, na hakuna anayeweza kusema maisha yake yalikosa kusudi.

Ndoa inafanya nini, basi? Kwangu mimi, imelitoa kusudi kwenye maneno ikalileta nyumbani. Mke wangu aliwahi kuugua muda mrefu. Kulikuwa na kukesha, kumwosha, kumlisha, na kurudia maneno yale yale ya faraja hata pale nilipokuwa nimechoka. Hakuwa na la kunirudishia, na hakutakiwa kuwa nalo. Waefeso 5:25, mstari unaosomwa katika harusi nyingi za Kikristo, unamtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Nilikuwa nimeusikia miaka mingi. Katika chumba kile cha mgonjwa ndipo nilipoelewa kwamba kujitoa si hisia. Ni kuamka tena saa nane za usiku. Na sijawahi kuwa na uhakika wa kwa nini niko duniani kama nilivyokuwa nao siku zile.

Tangu hapo tunaomba pamoja kila usiku. Huwezi kushika mkono wa mtu mbele za Mungu huku umemnunia, mmoja lazima aanze kusema, “Samahani, mpenzi.” Petro aliliona hilo zamani: katika waraka wake wa kwanza, 3:7, anawaambia waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, ili maombi yao yasizuiliwe.

Kwa walio katika ndoa tayari, ombi langu ni moja. Tafuteni kazi ya Mungu ya kufanya pamoja, nje ya watoto na kulipa madeni. Nawapenda sana Akila na mkewe Prisila. Agano Jipya linawataja mara 6, na kila mara wako pamoja. Walifukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio iliyowatoa Wayahudi wote, wakahamia Korintho, wakawa wanashona mahema, wakamkaribisha Paulo akae na kufanya kazi nao. Huko Efeso walimchukua Apolo, mhubiri hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kanisa lilikusanyika nyumbani mwao. Hawakuwa na cheo chochote kinachotajwa. Walikuwa na ufundi, nyumba iliyo wazi, na Neno.

Walio wachumba, someni habari zao katika Matendo ya Mitume sura ya 18 pamoja kabla hamjaanza kupanga harusi. Kisha kila mmoja amjibu mwenzake: nyumba yetu itakuwa wazi kwa nani?