Niliandika "toleo", mwenzangu akasubiri la pili

Juzi dada mmoja wa Njiro anayejifunza kuandika programu alinitumia ujumbe: "Kaka, shikamoo. Nimetoka UUID toleo la 4 nimehamia toleo la 7, maana la 4 limeshapitwa na wakati. Nimefanya vizuri?" UUID ni namba ndefu ambayo kompyuta huitengeneza ili kitu kitambulike bila kugongana na kingine. Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Neno hilohilo, toleo, liliwahi kunivua nguo mbele ya wazee wa Kilimanjaro.

Miaka saba iliyopita chama cha msingi kimoja cha kahawa, huko juu ya Moshi, kilitaka kila gunia liwe na namba isiyogongana na nyingine. Mimi nilikaa Arusha nikitengeneza upande wa malipo, mwenzangu alikaa Moshi akitengeneza upande wa karani wa mizani. Hati ya maelekezo niliiandika mwenyewe, kurasa sita, na nilijivunia kila nukta yake. Ukurasa wa pili ulisema: "Kila gunia litambulishwe kwa UUID, toleo la 1."

Kichwani mwangu hiyo ilikuwa ile namba inayobeba saa ndani yake. Huhesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 15 Oktoba 1582, kalenda ya Gregori ilipoanza kutumika. Programu yangu ingeichomoa saa hiyo na kuwapanga wakulima, aliyeleta kwanza alipwe kwanza. Nilijiona fundi kwelikweli.

Miezi ya kuandika programu nairuka, haina utamu. Siku ya kuwaonyesha wazee tukawasha kompyuta. Gunia la kwanza: limepokelewa mwaka 1644. La pili: 2917. Lililofuata: 4080. Mzee mmoja akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Kijana, bibi yangu alituambia kahawa ililetwa na mapadri wa Kilema. Hao mapadri 1644 walikuwepo?" Ukumbi mzima ukacheka. Nami, kwa aibu, nikamgeukia mwenzangu nikamfokea hadharani kwamba hajui kusoma.

Alikuwa ametumia aina ya 4, yaani UUID inayotengenezwa kwa njia nyingine. Hiyo, kati ya biti zake 128 (vile vitarakimu vya 0 na 1), 122 ni za kubahatisha tupu. Ukizisoma kana kwamba ni saa, unapata mwaka wowote kuanzia 1582 hadi 5236 hivi. Jibu lake alilitoa taratibu, bila kunitazama: "Uliandika toleo la 1. Nilidhani ni toleo la kwanza la hati. Nilikuwa nasubiri la pili."

Kazi tulinyang'anywa wiki ileile.

Baadaye ndipo nikaisoma RFC 4122 ya mwaka 2005, hati ya kanuni za UUID, mpaka mwisho. Waandishi wenyewe wanakiri humo kwamba neno lao la Kiingereza, "version", kwa usahihi zaidi lingekuwa "aina ndogo", ila wameliacha ili lisipishane na matumizi ya zamani. Walikiri! Na sisi tukalipa jina la "toleo", ambalo kwa Kiswahili ni la kitabu na gazeti: likitoka jipya, la zamani funga maandazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika aina. Ukiwa na mteja, sema aina. Kwenye hati, aina, na pembeni eleza kwa sentensi moja unataka ifanye nini. RFC 9562 ya Mei 2024 imeongeza aina ya 6, 7 na 8, lakini aina ya 4 imo humohumo, haijafukuzwa. Ya 7 huanza na biti 48 za saa kwa milisekunde, hivyo hujipanga vizuri kwenye hifadhidata. Ila yeyote akiiona atajua ilizaliwa lini. Kwa risiti, sawa. Kwa kiungo cha siri, hapana. Ukitaka kujua uliyonayo ni ipi, tazama tarakimu ya kwanza ya kundi la tatu kati ya yale yanayotenganishwa na vistari.

Vijana wa mji huu tunapenda namba kubwa, simu mpya, kila kitu kipya, na kuuliza maana ya neno tunaona ni ushamba. Ulizeni. Mimi nilikuwa na aibu ya kuuliza, sasa nina aibu nyingine.

Usiku wa jana niliitafuta hati ile, nikafuta "toleo", nikaandika "aina", nikamtumia mwenzangu na neno la samahani. Tiki zimekuwa za bluu tangu alfajiri. Bado hajajibu.